Shuka Juu ya Bahari ya Makokha

Waliomjua Makokha pale Luzira walimjua kwa mambo mawili: hakuna jokofu lililomshinda, na alifuga bahari sebuleni.

Karakana yake ilikuwa Kisenyi, nyuma ya maduka ya jumla, na ndiko alikoipatia hiyo bahari. Mteja wake mmoja, mgeni aliyekuwa anahama nchi, alimwachia tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na vipande vitatu vya matumbawe. Makokha alikuwa Mkenya wa Busia, mbali na bahari; Mombasa alifika mara moja tu kwenye harusi. Lakini pampu ni pampu, alisema, na mtu anayejua kupoza anajua kupasha moto. Kwa miaka kumi na miwili vile vipande vitatu vilizaa vikawa ishirini na sita. Binti yake Vera aliwaita wale samaki Adamu na Hawa.

Nabangala, dada yake Makokha, mjane na mshonaji wa sare za shule, ndiye aliyekuja kumlea Vera mama yake alipofariki. Aliona kazi yote. Kila Jumamosi kaka yake alichota ndoo moja na nusu ya maji ya tangi akayamwaga, akarudishia mengine aliyoyachanganya tangu jana yake kwa chumvi ya bahari. Hakutumia chumvi ya jikoni hata siku moja, na maji ya bomba aliyapitisha kwanza kwenye chujio ili dawa itoke. Kila asubuhi alijazia pale maji yalipopungua, na hapo alitia maji matamu peke yake.

"Maji yanapaa, Nabangala, chumvi haipai," alimwambia. "Ukijazia ya chumvi kila siku utawakausha kama omena."

"Na chakula? Mbona unawapa kidogo hivyo, kama mtu wa Kwaresima?"

"Kinachobaki kinaoza. Ukiwaonea huruma, utawaua."

Nabangala hakuyapenda yale matumbawe sana, ila kipande kimoja. Kilikuwa na vichwa vingi vya mviringo, vya kijani na katikati chungwa, vimepangana juu ya jiwe. Alikiita Vifungo, kwa sababu kilimkumbusha kopo lake la vifungo.

Lakini nje ya nyumba tangi lile lilimtia aibu. Alikuwa katika kikundi cha sala cha akina mama Wakenya, na kiongozi wao, Mama Nabalayo, alikuwa na sauti ya kusikika hadi kituo cha basi. Siku moja walipotoka kanisani alimvuta kando. "Nabangala mwenzangu, ninakuuliza kwa upendo. Kaka yako anaweka maji ya chumvi ndani ya nyumba, taa ya buluu inawaka, na yeye anakaa mbele yake saa nzima hasemi. Si ni majini hayo ya pwani?" Wenzao waliosikia wakacheka. Nabangala naye alicheka. Angeweza kusema, "Ni samaki tu, njooni mwone." Hakusema. Tangu siku hiyo, zamu yake ya kukaribisha sala ilipofika, alisingizia maumivu ya mgongo.

Kisha figo za Makokha zikaanza kumshinda. Alilala hospitali wiki tano. Nabangala alijaza maji matamu asubuhi, akachota ndoo moja na nusu Jumamosi, na jioni alipeleka habari. Vera alikuwa chuo cha uuguzi Eldoret, naye Makokha alitaka amalize mitihani kabla hajaambiwa jinsi hali ilivyo. Jioni ya mwisho aliyoweza kuongea, Makokha alimshika dada yake kiganja.

"Taa ikizimika, watavumilia. Chakula kikikosekana, watavumilia siku kadhaa. Pampu usizime. Maji yakisimama hawana pumzi. Utamtunzia Vera?"

"Nitamtunzia."

"Sema kwa jina la Mungu."

Akasema.

Alifariki Jumanne. Alhamisi jioni watu walijaa nyumbani kwa sala, kabla ya mwili kupelekwa Busia alfajiri. Akina mama waliketi sakafuni juu ya mikeka, wanaume nje kwenye viti vya kukodi. Ilikuwa majira yale ambapo vijidudu vya ziwani huinuka kama moshi. Giza lilipoanza kuingia, vikafuata ule mwanga wa buluu: vikajaa kwenye kioo, kwenye vitambaa vya kichwa, ndani ya chai. Pampu nayo ilikuwa ikinguruma chini ya wimbo. Mama Nabalayo akanyamaza katikati ya ubeti, akafuta uso.

"Jamani, hii ni matanga au ni disko?"

Wachache wakaguna. Mmoja akanong'ona lile neno, majini, na Nabangala akalisikia. Masikio yakamwaka moto. Hakufikiri hata kidogo. Aliinuka, akapiga magoti nyuma ya tangi, akang'oa ule waya mmoja uliolisha taa, pampu na kipasha joto, vyote pamoja. Akaleta shuka nyeupe kutoka kabatini, akalifunika tangi hadi chini, kama watu wafunikavyo kitu cha aibu.

"Sasa tunaweza kuomba," akasema Mama Nabalayo.

Waliomba vizuri, na Nabangala alilia sana. Akilini alijiambia atauchomeka tena waya wageni wakiondoka. Wageni hawakuondoka, walilala pale pale mikekani, na alfajiri gari la maiti likapiga honi, kila mtu akitafuta kiatu chake. Nyumba ikafungwa. Alikumbuka wakiwa wameshavuka mpaka. Angeweza kumpigia simu jirani avunje kufuli. Lakini ndani ya gari alikuwa amebanana na Mama Nabalayo, na aliona haya kusikika akihangaikia samaki wakati kaka yake yuko sandukuni. Akaomba kimoyomoyo badala ya kupiga simu.

Walirudi Jumatatu mchana. Vera alitoka mazikoni akapita moja kwa moja kwenda chuoni. Harufu Nabangala aliikuta mlangoni. Alipotoa shuka, maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Hawa alikuwa akielea kwa ubavu. Adamu alikuwa juu kabisa pembeni, akifungua na kufunga mdomo. Matumbawe yalikuwa yameyeyuka, nyama ikining'inia kama uji, mifupa myeupe ikitokeza.

Jirani yao Oola, askari magereza kutoka Gulu, ambaye kila akitoka zamu alizoea kukaa na marehemu mbele ya lile tangi, alisikia mlango akaja kutoa pole. Akasimama.

"Nani nazima hii?"

"Umeme ulikatika," akasema Nabangala.

Oola akainama nyuma ya tangi, akainuka na waya mkononi. "Mama, umeme nakatika. Lakini umeme nang'oa waya nalaza chini vizuri hivi?"

Nabangala alianza kukunja shuka. Oola naye hakumsukuma. Alichomeka waya, akaleta ndoo safi, na wakachanganya maji ya chumvi kama lilivyoagiza daftari ambamo Makokha aliandika vipimo vyake. Walihamisha humo Adamu, kipasha joto, pampu ndogo ya hewa, na Vifungo, ambavyo kati ya vichwa hamsini, saba vilikuwa bado vimejikunja bila kuoza. Vingine vyote walivitoa kwa beseni. Beseni lilikuwa zito.

Jumapili Vera akapiga simu. "Senge," alisema, maana ndivyo alivyomwita shangazi yake, "nyumba ikoje bila baba?"

"Tumemwachia Mungu."

"Na watoto wa majini?" Lilikuwa jina la utani lake na baba yake, walijua watu wanavyosema.

"Wapo, mwanangu."

Jumapili iliyofuata walikuwa wapo, na iliyofuata tena. Kila akisema hivyo, Nabangala alikwenda kukaa chumbani, Biblia magotini, bila kuifungua. Kwenye kikundi alipoombwa atoe ushuhuda wa jinsi Bwana alivyomtia nguvu msibani, alisimama akasema maneno mazuri, akaketi akijichukia.

Wiki ya tano Vera aliomba picha. Nabangala alichukua simu ya marehemu, akatafuta picha nzuri, bahari nzima inang'aa, Adamu na Hawa kando ya Vifungo. Akaituma. Dakika kumi baadaye simu ikalia.

"Senge, umepiga picha hii lini?"

"Leo hii, baada ya kanisa."

"Angalia kioo cha tangi kwenye picha, upande wa kushoto."

Akaangalia. Ndani ya kioo, hafifu, kulikuwa na kivuli cha mtu aliyeshika simu, shati lake la karakana, na kile kidole gumba kilichopinda tangu kilipobanwa na kompresa ya jokofu.

"Huyo ni baba," Vera alisema. Alikuwa analia. "Nilifurahi kumwona. Halafu nikafikiri. Ninakuja Ijumaa."

Nabangala alimweleza Oola ng'ambo ya ua. "Nimwambie nini?"

"Mimi nalinda wafungwa miaka ishirini na moja. Ile yenye nasema ukweli siku ya kwanza, nalala. Ile ingine nazunguka usiku yote." Akakuna kidevu. "Wewe nazunguka mwezi moja sasa. Kiatu yako mimi nasikia."

Ijumaa Vera alifika na begi moja. Nabangala alikuwa amepika kuku, ameosha mapazia. Vera hakuketi. Alisimama mbele ya tangi tupu lililosuguliwa, kisha akaona ndoo pembeni, akachutama. Adamu akaja juu, akidhani ni chakula.

"Hawa?"

"Amekufa. Wote wamekufa, ila huyo na vichwa saba." Nabangala alikuwa amepanga kuanza na jinsi wageni walivyokuwa wengi. Maneno yakatoka mengine. "Niliizima mimi, pampu na vyote. Hakuna umeme uliokatika. Nilimwapia baba yako kwa jina la Mungu, na siku mbili baada ya kufa kwake nikaizima."

"Kwa nini?"

"Mama Nabalayo alisema ni disko. Watu walinong'ona. Niliona aibu."

"Aibu ya samaki?"

Hapo ndipo Nabangala alipojisikia hana pa kujificha. "Aibu ya baba yako," akasema. "Miaka yote. Nilikula mkate wake, na watu wakimcheka, nilicheka nao."

Vera alichovya kidole ndani ya ndoo kupima joto. Hakusema amesamehe, wala Nabangala hakumwomba aseme. Mwishowe Vera alisimama, akavuta mikono ya sweta juu.

"Daftari lake liko wapi?"

Walifanya kazi Jumamosi nzima bila maongezi mengi. Vera alisoma kipimachumvi, Nabangala akabeba ndoo. Walijaza tangi, wakaweka mawe, wakaacha pampu izunguke. Vera alisema lisubiri wiki kadhaa, lipimwe maji mara kwa mara, ndipo Adamu na Vifungo vihamishwe. Kuku alipoa jikoni, wakamla akiwa baridi.

Kesho yake kanisani walikuwa wanapanga zamu za sala. Nabangala aliinua mkono kabla mgongo haujapata nafasi ya kuuma. "Alhamisi njooni kwangu," akasema.

Wakaja. Vera, aliyeomba ruhusa ya siku chache, aliwapokea viatu mlangoni. Ndoo ilikuwa juu ya meza ndogo, taa ya buluu juu yake, pampu ikinguruma. Mama Nabalayo aliingia, akaangalia, akavuta pumzi ya kusema.

"Mama Nabalayo," Nabangala alimwahi, "huyo samaki ni wa kaka yangu. Walikuwa wawili, na bustani nzima. Siku ya matanga niliwazimia pampu kwa kuogopa macho yenu, nikawaua. Halafu nikasimama mbele yenu kutoa ushuhuda. Leo ninaomba mniombee. Taa itawaka."

Hakuna aliyecheka. Mama Nabalayo alitafuta mahali pa kuweka macho. Mmoja wa akina mama akasogea, akachungulia ndani ya ndoo, akauliza kwa sauti ndogo vile vya kijani ni nini.

"Vifungo," Nabangala alisema. Uso ulikuwa bado unamwaka, na hakuufunika.

Mtu akaanzisha wimbo, chini kidogo, wakaimba huku pampu ikinguruma.