Compte moja kwa ordinateur ya Muheto

Watu wangu, niwaelezee jambo lenye limenifikia leo.

Kazi yangu ni kuchunga serveur, ile kompyuta kubwa yenye kubeba majina ya watoto wenye walipotezana na wazazi mu vita. Jana niliweka serveur mupya. Haikubali tena mot de passe, yaani maneno ya siri ya kuingilia, za namna ya zamani, juu ni rahisi kuziiba.

Leo asubui dada Espérance, mwenye kuandika watoto kule Muheto, ananipigia simu.

"Kaka, serveur inanikatala! Niko na watoto makumi mbili hapa, na milio ya masasi inakaribia!"

Ordinateur yake ni kompyuta ya kizamani. Haijue namna mupya.

Nikimukubalia, mutu mubaya anaweza kusoma watoto wa nani wako wapi. Nikikatala, hawa watapanda kamyo ya kukimbia vita bila kuandikwa popote.

Nikamutengenezea compte moja, ni kusema mulango wake wa kuingilia, yenye mot de passe ya zamani. Nikaipa ruhusa ya kuandika tu. Kusoma, hapana.

Majina ikaanza kuingia, moja moja. Ya mwisho ilipoingia, nikafuta ile compte palepale.

Kisha saa moja kupita, Espérance akapiga na simu ya mutu mwingine. Alikuwa analia.

"Kaka, watu wa bunduki walikamata ordinateur mu njia. Waliuliza mot de passe. Niliwapa. Unisamehe."

"Dada, ulifanya muzuri. Ile compte haiko tena. Watoto wako wapi?"

"Kamyo yao ilikuwa imeshapita mbele. Haikukamatwa."

Ninyi wa informatique, mungemukubalia ao mungekatala? Mimi ningali najiuliza.