Ekzosi ya gari la babu yenu

Wewe unayecheka hapo, funga mdomo usome kwanza.

Asubuhi niliwaandikia humu kwenye kundi la familia kwamba fundi Masanja wa Mkuyuni ni tapeli. Jana alibadilisha ekzosi, bomba la moshi, ya gari kuukuu la marehemu babu yenu, leo likawa linawaka na kuzima.

Nikamfuata gereji. "Shikamoo bibi." Sikuitikia.

"Umeniwekea bomba bovu, mwizi wewe." Nilisema mbele ya wateja, na mdomo wangu mnaujua. Mmoja akaondoa gari lake pale pale.

Masanja akanifuata nyumbani. Akapiga magoti nyuma ya gari, akaingiza vidole kwenye bomba, akavuta kitambaa.

Kipande cha kanga yangu.

Jana jioni nililiziba bomba mwenyewe, nyigu wasijenge humo, kama babu yenu alivyozoea. Nikasahau.

"Bibi, gari nalo linapumua." Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nikasema, "Marahaba, mwanangu." Ilikuwa imechelewa, najua.

Sasa kila aliyesambaza maneno yangu awarudie wote aliowatumia, awaambie bibi kakosea, fundi hana kosa. Mtaje jina langu. Anzeni sasa hivi.