Tulivyofunga Toleo Kabla ya Maji Mafu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, maana nilijua naenda ofisi ya kompyuta. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja hapa Kibiti, juu ya duka la nondo na saruji, na ngazi zake zilijaa vumbi. Nilifika juu viatu vimebadilika rangi. Mratibu wa Mradi, mama wa Kindengereko asiyependa maneno mengi, aliniangalia miguu, akacheka, kisha akasema, "Zuhura, programu wataandika wengine. Wewe umeajiriwa ukatae." Nilidhani ananitania.

Hakuwa anatania. Programu yetu ilikuwa ya zahanati: kliniki ya wajawazito, chanjo za watoto, dawa zilizobaki stoo. Ilikuwa programu huria, maana yake msimbo wake, yaani yale maagizo yanayoiongoza kompyuta, umewekwa wazi mtandaoni. Mtu yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kutuletea mchango wake. Michango ilitoka kwetu, ilitoka Mwanza, ilitoka hata nchi ambazo sijawahi kuzikanyaga. Raha yake ni hiyo, na balaa lake ni hilo hilo, kwa sababu kila mtu ana kitu chake cha kuongeza. Usipofunga mlango siku fulani, toleo jipya halitoki kamwe.

Kufunga huko ndiko kulikuja kuwa kazi yangu. Tukishafunga, hakuna kipengele kipya kinachoingia. Kinachoruhusiwa ni kurekebisha hitilafu tu, na kujaribu, na kujaribu tena, mpaka toleo litoke. Nilianza kama mjaribu, mtu wa kubonyeza kila kitu akitafuta kinapoharibikia. Nikapelekwa Mbwara kufundisha wahudumu wa zahanati, kisha nikarudishwa Kibiti kuwa msimamizi wa matoleo.

Kwingine duniani siku ya kufunga hupangwa kwa kalenda ya ukutani. Sisi tulipanga kwa mwezi. Zahanati za delta, kule visiwani mto unapoingia baharini, hazikuwa na intaneti ya kuaminika, hivyo toleo lilipelekwa kwenye flashi, kwa boti, na kuna vijito ambavyo boti haipiti ila wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Yakija maji mafu, yasiyojaa vya kutosha, boti inakaa kwenye tope. Kwa hiyo tulishika siku ya bamvua, tukahesabu kurudi nyuma, tukafunga.

Mwaka mmoja, siku chache tu baada ya kufunga, alinipigia Mwanahawa, nesi wa kisiwa cha Maparoni.

"Zuhura, shoga yangu, nina neno."

"Sema."

"Nina mzazi hapa, uzazi wa kwanza alipasuliwa. Huyu hafai kuzalia huku. Nimepiga hesabu, tarehe yake inaangukia maji mafu. Yeye nimemuona mwenyewe, nitamtoa mapema. Wa visiwa vingine nani atawaona? Hiyo kompyuta yenu haiwezi kutuonya?"

Maneno yale yalinichoma. Fundi wetu wa msimbo, kijana Idrisa, aliyasikia pia kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika. Kesho yake alikuja na kipengele kimekamilika: kompyuta inaangalia tarehe ya kujifungua, inailinganisha na mwezi, inawasha alama nyekundu. Kilipendeza, sitasema uongo. Hata Mratibu akalegea.

"Zuhura, hili ni la roho za watu. Fungua kidogo."

"Mama, hapo ndipo ninapoogopa," nikamwambia. "Kinagusa hesabu ya tarehe, na tarehe ndiyo programu nzima. Ikiteleza, chanjo zinateleza, kliniki zinateleza. Na tukikaa kukijaribu vizuri, bamvua inatupita."

"Dada, mbona mimi nimeshakijaribu?" Idrisa akasema.

"Umekiandika wewe, umekijaribu wewe. Mimi nibaki na nini?"

Alinuna mpaka chakula cha mchana. Mimi pia sikuwa na raha. Nilishakataa mambo mengi, rangi za vitufe, nembo, mapambo, na nikala wali wangu vizuri. Hili lilikuwa na sura za watu.

Lakini kukataa kipengele si kukataa haja ya mtu. Programu ilikuwa tayari inaweza kupanga wajawazito kwa tarehe zao. Kilichokosekana ni mwezi, na mwezi Mwanahawa alikuwa anaujua. Tukazipigia simu zahanati zote za delta, moja baada ya nyingine. Nesi anatusomea tarehe, Mwanahawa kwenye simu ya pili anasema, "Huyo salama. Huyo pia. Huyo maji yatakuwa yamekufa." Kwenye kisiwa kimoja tukampata mwingine aliyewahi kupasuliwa, na hakuna aliyekuwa amemwambia aondoke mapema.

"Namfuata sasa hivi," nesi wa huko akasema.

Toleo likatoka siku yake. Boti ikaondoka Nyamisati na flashi zetu, bamvua ikiwa imejaa, na iliporudi ilikuwa na wale wazazi wawili. Nilikuwa gatini. Yule wa pili alikaa juu ya ndoo aliyoifunika, amekunja uso kwa jua, ameshika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili. Nililia pale pale mbele za watu.

Kipengele cha Idrisa tulikijaribu baadaye kwa nafasi. Tukakuta alihesabu mwezi kama tunavyouhesabu nyumbani, ambako siku inaanza magharibi, wakati siku ya kompyuta inaanza saa sita usiku. Alama ilichelewa kwa siku nzima. Ingewaambia akina mama kwamba boti bado inapita, kumbe maji yameshakufa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona kosa hilo alipotuonyesha mara ya kwanza. Sote tumekulia huku, sote tuliona sawa. Likarekebishwa, kikaingia toleo lililofuata, na mpaka leo kipo.

Sasa nimestaafu. Kiti changu anakikalia Idrisa, na nasikia ni mkali kuliko mimi, jambo linalonifurahisha sana. Wajukuu wakiniomba soda nawapa, wakiomba ya pili nawapa pia. Vijana mnaoingia kazi hii msitegemee kushukuriwa. Mlango uliofungwa vizuri hauna anayeukumbuka.

Majuzi sokoni Kibiti nilimkuta yule mama wa kwenye ndoo akiuza kamba wabichi, na binti yake anamsaidia kufunga. Nilimtambua, yeye hanijui. Nikamuuliza kama mtoto ni wake.

"Wangu, bibi. Huyu ilikuwa bahati tu. Boti ilikuja siku ile ile iliyosemwa."

"Ee, bahati njema hiyo," nikasema, nikapokea kamba wangu, nikaenda nyumbani nikicheka peke yangu njia nzima.