Mshili Asitanguliwe

Kwetu mlimani, juu ya Maji ya Chai, tulikuwa na tovuti nne na mfereji mmoja. Tovuti zilikuja kwa mkupuo, baada ya wafadhili kuwaita viongozi wetu kwenye semina ya hotelini mjini Arusha. Walirudi na fulana, mabegi, na tovuti kila mmoja: ya usharika, ya ukoo, ya chama cha kahawa, na ya kamati ya mfereji. Wasomaji hawakugawiwa.

Mama yangu alihitaji habari moja tu kati ya hizo zote: maji yanakuja lini. Alikuwa ameotesha miche ya kahawa kwenye viriba nyuma ya jiko, ichukue nafasi ya mibuni ya marehemu baba iliyokwisha kuzeeka, na kiangazi kilikuwa kimekolea. Sheria ya mfereji wetu haina huruma. Siku ya kuuzibua, kila kaya ilete mtu na jembe. Usipofika, zamu yako ya maji inarukwa. Mtu wa mama ni mimi, na mimi nashinda mjini natengeneza kompyuta za watu.

Nilichoka kufungua tovuti nne kutafuta tangazo moja. Nikapata programu huria, ya bure kabisa, inayokusanya habari mpya kutoka tovuti nyingi na kuzipanga kwenye ukurasa mmoja, mpya juu, ya zamani chini. Ilikubali siku ileile. Basi nikafurahi, nikaenda kuwaonyesha viongozi. Kiherehere changu!

Tulikutana nje ya ofisi ya chama cha kahawa. Nikaweka kompyuta juu ya mzani wa kahawa, nikafungua. Juu kabisa likatokea tangazo la katibu wa mfereji, binti aliyeolewa kwetu juzi tu. Chini yake zikafuata salamu za mshili, yaani mkuu wa ukoo wetu.

Mshili akavaa miwani. "Nani kamweka huyu juu yangu?"

"Shikamoo mzee. Hakuna aliyemweka, ni muda tu. Yeye kaandika leo, wewe uliandika wiki iliyopita."

"Na kuzaliwa, nani kaanza?"

Watu wakacheka. Mshili hakucheka, kwa hiyo tukaacha.

Ningenyamaza hapo ningepona. Lakini mimi na mdomo wangu, nikaona niwasomeshe: programu hii ni huria, wazee wangu, msimbo wake uko wazi, mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuubadili.

"Anaruhusiwa?" akauliza mwinjilisti wa usharika. "Basi tubadili."

Haki ya Mungu, sijaona watu wakielewa uhuru wa programu upesi namna ile! Usharika utangulie, kwa kuwa Neno hutangulia. Kisha ukoo. Kisha chama, na picha ya mwenyekiti wake kila habari. Mfereji mwisho. Mshili akaongeza kwamba salamu zake zisifupishwe. "Barazani sikatizwi, nije kukatizwa na simu?" Katibu wa mfereji akanyoosha mkono, akasema maji hayana subira. Akashukuriwa kwa mchango wake, akaambiwa akae.

Nikabadili. Ningefanyaje, na mshili ndiye angenisimamia kwenye mahari?

Ukurasa ukaingia kwenye simu za kijiji kizima, ukiwa na adabu zake. Likaja neno la siku. Zikaja salamu za mshili, tawi kwa tawi, walioko Momela, walioko Olmotonyi, walioko ng'ambo, pamoja na pole kwa wote waliougua na wanaotarajia kuugua. Akaja mwenyekiti wa chama, anatabasamu. Huko chini, ambako kidole kilishachoka, kulikuwa na maneno machache: Jumamosi tunazibua mfereji, njooni na majembe.

Mimi niliishia kwenye pole za wagonjwa, mteja akaingia dukani, nikafunga simu. Jumamosi hiyo katibu alizibua mfereji na mumewe na wachache wasio na simu za kufungulia ukurasa wangu, aliowaambia kwa mdomo. Wengine wote tukarukwa. Mshili naye akarukwa.

Kikaitwa kikao cha dharura. Nikajua sasa watanirudishia mpango wa kwanza. Wapi! Wakaona kosa ni la katibu, kwamba tangazo lisilo na salamu mtu mzima hawezi kulijua kuwa ni tangazo. Nilitoka pale nimevimba kwa hasira.

Nikapanda kwa mama. Miche mingi ilishageuka rangi ya tumbaku, na yeye anapanda na ndoo kutoka mtoni, ananyweshea kiriba kimoja kimoja kwa kikombe. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumwamkia sawasawa. Nilipompokea ndoo, simu ikalia. Mshili ameandika.

"Nisomee, mwanangu," mama akasema.

Nikamsomea yote, tawi kwa tawi, mpaka pole zake kwa kila kaya iliyokosa maji. Mama alisikiliza amesimama, amekunja mikono, vile mkubwa husikilizwa.

"Kasema vizuri," akasema. "Na maji, kasema yanakuja lini?"