Nilivyowanyamazisha Watu wa Runazi

Nichekeni, lakini malizeni kwanza kunisikiliza. Juzi Bwana Shamba, Mwingereza wetu, alinituma Runazi kuwaonyesha wakulima wa kahawa bomba jipya la kupulizia dawa. Kwa majaribio tulitia maji matupu. Nikasukuma mpini. Maji yakatoka yamenyooka kama fimbo, mara yakayumba, yakakatika, yakatawanyika ovyo. Nikaona haya. Nikasukuma kwa nguvu zaidi. Yakatawanyika upesi zaidi.

“Mnayatikisa kwa kelele zenu!” nikawafokea. “Nyamazeni!”

Watu wazima wakaziba midomo, hata kikohozi wakakimeza. Nikasukuma polepole, na kweli maji yakanyooka. Kichwa kikanivimba.

Ndipo akatokea mzee mwenye mikahawa tuliyosimama kando yake. Nimeposa binti yake, na mpaka siku hiyo alikuwa hajanijibu. Mzee kama huyo husalimiwa kwa kuinama sana. Basi nikainama na bomba langu mikononi, nimesahau kwamba mpini umeegemea tumboni. Tumbo likausukuma wote kwa mkupuo mmoja.

“Shikamoo, baba!”

Kanzu ikalowa, kofia ikalowa, na mikahawa iliyokuwa nyuma yake ikalowa. Mzee akafuta macho, asiniangalie. Akageuza jani moja la mkahawa, akakuta hata upande wa chini una matone.

“Marahaba,” akasema. “Kumbe yakitawanyika ndipo yanapofika kila mahali. Sasa, mkwe wangu, hawa watu uliwanyamazishia nini?”