Bomba Lililozibwa kwa Kiganja

Kwenye kigango chetu huku Wazo, Ijumaa Kuu hakuna kinanda. Kinafunikwa shuka tangu Alhamisi Kuu, na kwaya inaimba kwa koo tupu. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuanzisha, afungue mdomo peke yake, kanisa zima kimya, na sauti itoke mahali pake. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Jovina, mke wa Revelian fundi bomba. Sie tunamwita Mama Loveness.

Mungu alimpa koo lisilokosea. Akianzisha, mwalimu wa kwaya akigusa kinanda anakuta ni sauti ile ile. Na hakujivuna. Asubuhi alikuwa akiuza vitumbua, jioni yuko mazoezini, na akikosa ujue kuna msiba.

Halafu ikaja homa ya uti wa mgongo. Alipona, tukamshukuru Mungu, lakini masikio hayakurudi. Akabaki anatusoma midomo. Ukimsemesha kwa nyuma, hajui kama upo.

Kwaresima ilipoanza alikuja mazoezini kama kawaida. Mwalimu wetu wa kwaya, Projestus, ambaye siku za kazi anafundisha fizikia sekondari, hakuwa na moyo wa kumkataza. Jovina akaanzisha. Sauti ilikuwa nzuri bado, lakini imepotea, hakuna aliyeweza kuidaka. Yeye hakuisikia, ila aliona tulivyoinamisha nyuso. Akachukua kanga yake, akaondoka. Jumapili alikaa benchi la nyuma, mdomo kaufunga.

Nilipomfuata nyumbani aliniambia, "Dada, kama siwezi kumwimbia Bwana siku aliyokufa, nimebakiwa na nini?"

Nilimshika tu mkono.

Revelian si mtu wa maneno. Alichokuwa nacho ni mabaki ya mabomba ya plastiki, yamejaa uani. Akaanza kuyakata, anayagonga kwenye ncha moja kwa kandambili, yanatoa mlio mzito, huku Jovina kashika ncha ya pili, labda atausikia kwa mkono. Jovina anatikisa kichwa: hakuna kitu. Revelian akaamini sauti ikiwa nzito zaidi itamfikia, akaunga mabomba marefu zaidi, mpaka moja likatokeza nje ya geti.

"Shemeji, huo ni mnara wa simu?" Monica wa sauti ya pili alimtania. "Sasa tutapata mtandao?"

"Mtaupata," Revelian akamjibu bila kuinua kichwa, "ukinyamaza."

Kuziba ncha moja hakukumjia akilini hata kidogo. Maisha yake yote watu wamemwita kuzibua. Kwake bomba lililoziba ni aibu ya fundi.

Ikawa siku moja kainama uani, kampa mke wake mgongo. Jovina akaokota kipande kifupi, kama kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, akataka kumshtua. Akaweka mdomo upande mmoja, upande wa pili kaukalisha kwenye kiganja, akatoa sauti ndefu, anaipandisha kutoka chini.

Revelian akageuka. "Toa mkono, umeliziba!"

Atasikiaje? Akaendelea kupandisha. Mara akaruka, kipande kikaanguka.

"Baba Loveness! Limenitetemesha!"

Akarudia. Sauti ikiwa chini, kiganja kimetulia. Ikipanda ikafika mahali fulani, kiganja kinatetema kama kashika simu inayoita. Ikipita hapo, kimya tena. Akarudia na kurudia, mpaka Revelian akaenda kumwita Mwalimu Projestus.

Mwalimu alikaa juu ya ndoo, akamwelekea Jovina ili auone mdomo wake, akasema polepole. "Bomba likiwa wazi pande zote, hewa inaingia na kutoka kwenye ncha zote mbili. Ndiyo maana ukishika mwishoni huambulii kitu. Ukiziba upande mmoja, pale hewa haina pa kwenda. Sauti inagonga kiganja, inarudi, inakutana na inayokuja. Zikilingana na urefu wa bomba, wimbi linasimama humo humo. Kwenye mdomo wa bomba hewa inacheza, kwenye kiganja inasukuma. Hiyo ndiyo unayoisikia kwa mkono."

"Na haya marefu yangu?" Revelian akauliza.

"Ungeziba upande mmoja, shemeji, nusu ya urefu ingekupa uzito ule ule."

Revelian akalitazama bomba lake lililotokeza getini, akacheka mwenyewe. Hatukuwa tumemwona akicheka tangu ile homa.

Ikabaki kulipata bomba la wimbo wetu. Mwalimu kwenye kinanda, Revelian na msumeno, Jovina na kiganja. Ukipunguza bomba, sauti inapanda. La kwanza lilikatwa mno, likatupwa, kwa kuwa plastiki hairudishwi. Lililofuata wakalisugua kwa msasa, kidogo kidogo, mpaka likatetema pale pale panapoanzia wimbo.

Mzee Apolinari, mwenyekiti wa kigango, akapata habari. "Ijumaa Kuu haiingii ala ya muziki hapa."

Mwalimu akamkabidhi bomba. "Lipige basi, mzee."

Mzee akaligonga gotini, akaligeuza, akachungulia ndani. "Mbona halilii?"

"Halina sauti yake, mzee. Mpaka mtu aimbe."

Akalirudisha, akaenda zake.

Ijumaa ile altare ilikuwa tupu, na sie tumesimama kuabudu Msalaba. Jovina akainua bomba. Nilikuwa karibu yake, naomba kimoyomoyo. Akaanza kuvumisha sauti chini kabisa, anapanda taratibu, anatafuta mbele ya watu wote. Kuna waliogeuka. Sauti ikapanda, ikapanda, ikasita, ikakaa. Macho kafumba. Kisha akaimba maneno ya kwanza, na Mwalimu akainua mkono, sote tukaingia.

Mwisho wa ubeti alifunga mdomo apumzike, sie tukaendelea, lakini kiganja hakukiondoa. Alifumbua macho, akakitazama, akatutazama midomo. Halafu akanishika mkono, akauweka pale kilipokuwa kiganja chake, nihakikishe mwenyewe. Bomba lilikuwa linatetema kwa sauti zetu.