Kikapu Kitupu

Niseme ukweli, sipendi kukosolewa. Kazi yangu ndiyo hiyo, miaka sasa, na bado kila mara damu inachemka kwanza, akili inafuata baadaye. Nachora nembo hapa Ngara mjini, kwenye chumba kimoja karibu na stendi: nembo za saluni, za kwaya, za vikundi vya bodaboda, za muuza chipsi anayetaka kibanda chake kionekane hoteli.

Anayenikosoa zaidi ni mwenzangu wa Biharamulo, tuliyesoma naye chuoni Mwanza. Mmoja wetu akimaliza nembo, humtumia mwenzake kwenye simu kabla mteja hajaiona. Sharti letu ni moja tu: neno "nzuri" ni marufuku. Ukisema nzuri, umekwepa kazi. Nilipomtumia jogoo wa yule muuza chipsi, alinirudishia sauti fupi: "Huyu kuku anaumwa. Mwite bwana mifugo." Nilimnunia siku mbili, kisha nikamchora jogoo upya. Alikuwa anaumwa kweli.

Mama yuko Murukulazo, kwenye kikundi cha akina mama wanaolima maharage. Walitaka nembo ya kuweka kwenye mifuko yao. Kwenye kikao wengine walisema itafutwe kwa mafundi wa Mwanza, mama akasimama akasema mwanangu anaweza, namdhamini mimi. Huyu ndiye mama ambaye miaka yote, akiulizwa kazi yangu, hujibu, "Yuko huko mjini na kompyuta." Nikajua nikiharibu, atakayebaki na aibu mbele ya wenzake shambani ni yeye.

Nikachora kikapu, maana kikundi chao kilianza na vikapu: mmoja akijifungua au akifiwa, wenzake wanampelekea chakula. Mistari minne tu, kikapu kiko wazi, ndani peupe kabisa. Mwenzangu wa Biharamulo alitafuta kosa akakosa. "Hapo umeua," akasema. "Usiguse tena." Kichwa kikavimba.

Nikaipeleka mwenyewe kwa bodaboda. Akina mama walikuwa uani kwa mwenyekiti wao, bibi mmoja wa sauti ndogo. Nikawaamkia, wakaitikia, karatasi ikapita mkono kwa mkono. "Nzuri," akasema mwenyekiti. "Nzuri sana, Mungu akubariki." Wote wakaitikia kwamba ni nzuri. Mama aliendelea kupepeta maharage. Nikaondoka natabasamu, na lile sharti letu la Biharamulo wala halikunijia kichwani.

Wiki iliyofuata dereva wa bodaboda akaniletea kikapu kutoka kwao, kimejaa maharage, na mchoro wangu umekunjwa juu yake. Ujumbe hakuna. Nikasema, wamekubali, na shukrani wameongeza! Nikayapika maharage yale kwa vitunguu, matamu kweli. Kisha, kwa mbwembwe zangu, nikaichapa nembo ileile kwa ukubwa wa ukutani, nikaikunja, nikaitia kwenye kikapu na kumpa dereva yuleyule akirudishe.

Mama akapiga simu kabla ya saa sita.

"Umerudisha kikapu cha watu kitupu?"

"Si kitupu, mama. Mna nembo ndani."

"Nembo nani anakula?"

Damu hiyo! "Mama, mnataka nembo au mnataka sukari? Kama haikuwapendeza si mngesema? Wote mlisema nzuri!"

"Ulikuja mgeni. Mgeni huambiwaje? Kwetu kikapu kinakwenda na kitu, kinarudi na kitu. Hilo umelijua hata meno hujaota. Sasa kaangalie ulichokichora." Akakata simu.

Nikaenda kuangalia. Kikapu wazi, ndani peupe. Wanawake waliojuana kwa kupelekeana chakula, mimi nimewachorea kikapu kisicho na kitu. Hawakutaka kunivunja moyo, wakanijazia kikapu wanionyeshe, na mimi masahihisho yao nimeyala kwa vitunguu! Nilicheka peke yangu mpaka mteja wa fotokopi akaniuliza kulikoni. Halafu aibu ikanishika, nikimfikiria mama aliyesimama kikaoni.

Nikachora upya, maharage matatu yanachungulia ukingoni. Mwenzangu akalalamika: "Umejaza mno. Ile ya kwanza ilikuwa na hewa."

"Hewa hailiwi," nikamjibu.

Safari hii nilikwenda Murukulazo na kikapu changu: sukari, sabuni, chumvi, na mchoro juu. Mwenyekiti alitoa sukari kwanza, akaiweka pembeni, ndipo akafungua karatasi. Hakusema nzuri. "Hiki kikapu kimelalia upande," akasema. "Kimekunywa?" Wakacheka, na hapo milango ikafunguka. Mmoja akasema ukingo ni mnene kama wa sufuria. Mwingine akauliza ni mwanamke gani anasuka kitako chembamba namna hiyo, si kitaanguka. Nilikuwa naandika mbio mbio, na, sijui niseme nini, damu haikuchemka. Niliona raha. Kumbe sasa sikuwa mgeni tena.

Mama alikuwa wa mwisho. Aliishika karatasi mbali na macho, akaitazama mpaka nikaanza kuhangaika.

"Hili harage la katikati halina jicho," akasema. "Litaotaje?"

Nikampa kalamu. Akainama, akaweka nukta moja, taratibu, na kuipulizia ikauke. Kisha akawageukia wenzake, wanaonijua tangu nabebwa mgongoni. "Huyu ni mwanangu," akawaambia. "Anachora nembo."

Nilirekebisha kila walichosema na mifuko ikachapwa. Nukta ya mama niliiacha jinsi alivyoiweka, imepinda kidogo. Mwenzangu wa Biharamulo akaiona haraka, hakosi kitu yule. "Hapo kwenye harage kuna uchafu," akasema. "Ufute."

"Haufutwi," nikamwambia. "Hapo amechora mama."

Kisha akavunja sharti letu.

"Basi," akasema, "nzuri."